Kinshasa Ina Hazina, M23 Ina Mpaka: Mizani ya Vita vya Kongo kwa Jicho la Msimbazi

Februari 8, 2025 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wenzao wa SADC walikutana Dar es Salaam katika mkutano wao wa kwanza wa pamoja. Rais Paul Kagame wa Rwanda alikuja mwenyewe. Rais Félix Tshisekedi wa Kongo alishiriki kwa video. Siku kumi na mbili kabla yake, waasi wa M23 walikuwa wameingia Goma, mji uliokadiriwa kuwa na watu karibu milioni mbili ukihesabu na wakimbizi wa ndani waliojazana humo. Jeshi la serikali lilikuwa na ndege, vifaru, mamluki wa Kizungu na askari wa nchi rafiki, lakini halikuweza kuuzuia. Wiki moja baada ya mkutano, Bukavu nayo ikaanguka.

Imekuwaje nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 izidiwe na kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa, mwaka 2024, walilikadiria kuwa na wapiganaji wapatao 3,000? Jibu linalosikika kwenye kila kijiwe cha kahawa ni Rwanda. Jibu hilo ni la kweli, ila halijitoshelezi. Sehemu iliyobaki imo kwenye fedha na barabara, na kwa mambo hayo soko la Kariakoo, Dar es Salaam, linaeleza zaidi kuliko ukumbi wowote wa mikutano.

Wakongo ni miongoni mwa wateja wakubwa wa Kariakoo. Kwenye mitaa ya Msimbazi, Aggrey, Narung'ombe na huo unaoitwa Kongo, wanajaza robota za vitenge, viatu, nguo za watoto, mabegi na vifaa vya simu. Mzigo ukishafungwa kwa sandarusi na kukazwa kamba, huandikwa jina la mwenyewe na la mji unakokwenda, kisha kuli huusukuma kwa mkokoteni hadi kwa msafirishaji. Jina hilo la mji ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. Mzigo wa Lubumbashi unapita Tunduma, unavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Wa Goma unapita Rusumo, Kigali, hadi Rubavu mpakani. Wa Uvira na Bukavu unapitia Kabanga na Bujumbura, au unapanda treni mpaka Kigoma na kuvushwa Ziwa Tanganyika kwa boti.

Njia ya kwanza haigusi vita hata kidogo. Zile nyingine zote zinaishia mikononi mwa waasi, au zinapita jirani kabisa na bunduki zao. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Kinshasa imeshindwa vitani bila serikali yake kuanguka, na kwa nini M23 wameshinda bila kupata nchi.

Kwenye karatasi, mizani ilikuwa upande mmoja tu. Jeshi la Kongo, FARDC, linahesabiwa kuwa na askari zaidi ya 100,000. Taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI, iliyakadiria matumizi ya kijeshi ya nchi hiyo mwaka 2023 kuwa dola milioni 794, ongezeko la asilimia 105 kwa mwaka mmoja, kubwa kuliko la nchi yoyote duniani mwaka huo. Kinshasa ilinunua droni za CH-4 kutoka China. Ilikuwa na ndege za Sukhoi-25. Iliajiri mamluki kutoka Romania. Ilikuwa na askari wa Burundi Kivu Kusini, na kuanzia Desemba 2023 kikosi cha SADC chenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Juu ya hayo, ilikuwa na Umoja wa Mataifa upande wake.

Lakini askari hapigani kwa bajeti iliyopitishwa bungeni. Anapigana kwa kile kilichomfikia handakini. Kati ya Kinshasa na Goma kuna zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na hakuna barabara moja ya maana inayoiunganisha miji hiyo miwili. Risasi, mafuta, chakula na mishahara vyote vilitegemea uwanja wa ndege wa Goma. M23 walipoukaribia uwanja, serikali ikawa imekatika mkono wa mashariki. Kwa upande wa pili, Gisenyi, mji wa Rubavu upande wa Rwanda, na Goma ni miji iliyoshikana; mtu anavuka mpaka kwa miguu. Nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili ilizidiwa na upande ambao nyuma yake kulikuwa na kilomita chache tu za lami safi.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo, yaani wengi sawa na M23 wenyewe au zaidi. Kigali imekuwa ikisema kwamba inachukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliotekeleza mauaji ya kimbari ya 1994. Hofu hiyo ina historia yake na haifai kupuuzwa, lakini haitoshi kueleza Goma, Bukavu na mashimo ya madini. Februari 21, 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iondoe majeshi yake. Kijeshi, askari hao walileta kitu ambacho pesa za Kinshasa hazikuweza kukinunua kwa haraka: nidhamu, amri moja, mitambo ya kuvuruga mawimbi na silaha za kujikinga na ndege. Droni na Sukhoi za serikali zikapoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Amri moja ndicho kitu ambacho FARDC haikuwa nacho kabisa. Upande wa serikali walikuwamo askari wa kawaida, makundi ya wanamgambo wa Wazalendo yasiyo na mshahara wa uhakika, Waromania hao wa kukodi, Warundi, SADC na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kila mmoja na mkuu wake. Malipo yalikuwa ya tabaka. Mamluki waliripotiwa kulipwa hadi dola 5,000 kwa mwezi, wakati askari Mkongo aliyelala nao mlimani alipata karibu dola 100, na hata hizo zilipitia kwenye mikono ya wakubwa wenye orodha zilizojaa askari hewa. Gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Meja Jenerali Peter Cirimwami, aliuawa mstari wa mbele siku chache kabla Goma haijaanguka. Mji ulipoanguka, mamluki zaidi ya 280 walijisalimisha na kusafirishwa kwao kupitia Rwanda. Machi mwaka huo serikali ikatangaza kuongeza maradufu mishahara ya askari. Ulikuwa uamuzi sahihi, na ulikuja baada ya miji miwili mikubwa kupotea.

Watanzania wana sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu waliwahi kuona kinyume chake. M23 hao hao waliiteka Goma Novemba 20, 2012, wakatoka baada ya siku chache kwa shinikizo la kikanda. Machi 2013 Baraza la Usalama likaunda kikosi maalumu cha mashambulizi chenye nafasi ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa jeshi la Tanzania, JWTZ. Kufikia Novemba 2013 M23 walikuwa wamesambaratika na kukimbilia Uganda na Rwanda.

Idadi ya askari peke yake haielezi ushindi ule. Kwanza, kikosi kilikuwa na helikopta za kushambulia ambazo waasi hawakuwa na jibu lake. Pili, FARDC walikuwa na makamanda waliopendwa na askari wao, kama Kanali Mamadou Ndala, na walisonga mbele pamoja na wageni badala ya kuwaachia kazi. Tatu, waasi wenyewe walikuwa wamegawanyika: Bosco Ntaganda alijisalimisha kwenye ubalozi wa Marekani Kigali Machi 2013 baada ya kushindwa na kambi ya Sultani Makenga. Nne, na pengine kubwa kuliko zote, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zilikuwa zimezuia baadhi ya misaada yao kwa Rwanda, na mlango wa nyuma wa waasi ukabanwa.

Mwaka 2025 hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwepo kwa wakati. Kikosi cha SADC kilikwenda bila nguvu ya anga ya kutosha na hakikufikia idadi iliyopangwa. Vikwazo vya Marekani kwa waziri wa Rwanda James Kabarebe, na hatua za Uingereza na Umoja wa Ulaya, vilikuja Februari na Machi, Goma ikiwa imeshachukuliwa. Afrika Kusini ilipoteza askari 14 na Tanzania wawili. Machi 13, 2025 SADC ikafunga operesheni, na askari wale wakarudi makwao kwa kupitia ardhi ya Rwanda. Wanajeshi hao hawakushindwa kwa kukosa ushujaa. Walipelekwa kwenye vita vya 2025 na matumaini ya 2013.

Kwenye uchumi, hadithi hugeuka.

M23 walianza kujijenga kifedha Juni 13, 2022 walipoiteka Bunagana, kituo cha forodha mpakani na Uganda. Mwishoni mwa Aprili 2024 wakaichukua Rubaya, eneo la Masisi linalotoa takribani asilimia 15 ya tantali yote ya dunia, madini yanayotumika kwenye simu na kompyuta. Huko waliweka utawala wao wa madini na kutoza ushuru kwa kilo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba koltani ya Rubaya, yaani mawe yenye tantali, iliwaingizia angalau dola 800,000 kila mwezi, huku shehena ikivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na ya huko.

Kwa kundi la waasi hizo ni fedha nyingi. Kwa dola ni kidogo mno. Ukizigawa zile dola milioni 794 kwa miezi kumi na miwili, Kinshasa ilikuwa ikitumia zaidi ya milioni 66 kwa mwezi kwenye ulinzi; ushuru wa Rubaya haufiki hata sehemu moja ya themanini ya hapo. Waasi hawahitaji kulingana na serikali, bila shaka, kwa kuwa safari yao ni fupi na mgongo wao una mwenyewe. Ila siku mgongo huo ukiondoka, Rubaya haiwezi kuziba pengo.

Hili limewahi kujaribiwa. Mwaka 2000, RCD-Goma, waliotawala mashariki wakati wa vita vya pili vya Kongo, waliona bei ya tantali ikipaa na wakaipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kusafirisha koltani. Bei ikaporomoka mwaka 2001, wafanyabiashara wakatafuta vichochoro, na ukiritimba ule haukumaliza mwaka. Anayetegemea bidhaa moja ambayo bei yake inapangwa mbali, na ambayo lazima ipite nchi ya mtu mwingine, hana uchumi wa kujivunia. Machi 2025 M23 waliifikia Walikale, karibu na mgodi mkubwa wa bati wa Bisie. Kampuni ya Alphamin ilikuwa imeshasimamisha kazi na bei ya bati duniani imeshashtuka; wiki mbili tu baada ya kuuteka mji waasi wakaondoka na mgodi ukarudi kazini. Kuukaribia mgodi wa kisasa ni jambo moja. Kuuendesha bila benki, bima, mafuta na mnunuzi halali ni jambo jingine.

Benki ndizo zilizouma zaidi. Goma ilipotekwa, Kinshasa ilifunga tawi la Benki Kuu na benki za biashara zikafunga milango. Uwanja wa ndege ukabaki umefungwa. Waasi walijaribu kuifufua CADECO, taasisi ya zamani ya akiba ya serikali, Aprili 2025, lakini jengo lenye kaunta si mfumo wa fedha. Watu wakawa wanavuka Gisenyi kutafuta pesa taslimu na kukatwa makato kila wanapotoa. Mfanyabiashara wa Goma aliyezoea kumtumia wakala wake wa Kariakoo malipo kwa benki akabaki na njia mbili: kubeba dola mwilini kuvuka mipaka, au kusimamisha safari.

Nigeria ilitumia silaha hiyo hiyo ya fedha dhidi ya Biafra, jimbo lake lililojitenga. Januari 1968 serikali ya Lagos ilibadilisha noti, na akiba ya Biafra ya noti za zamani ikageuka makaratasi. Mei mwaka huo Biafra ikapoteza bandari ya Port Harcourt. Tanzania ilikuwa imeitambua Biafra mwezi mmoja tu kabla, Aprili 13, 1968, nchi ya kwanza kufanya hivyo, lakini kutambuliwa na Mwalimu Nyerere hakukuweza kuleta unga wala dawa kupitia bandari iliyokwishapotea. Januari 1970 Biafra ikasalimu amri. M23 wana nafuu ambayo Biafra haikuwa nayo: mpaka wao wa nyuma uko wazi. Ndiyo sababu kufungiwa benki kumewatesa wakazi wa Goma na Bukavu kuliko kulivyomtesa kamanda wao Makenga. Kinshasa haikupaswa kuwaadhibu mama wauza samaki na mitumba kwa kosa la kuishi kwenye mji ambao jeshi lake lilishindwa kuulinda.

Hazina halisi ya Kongo iko kusini, katika Katanga ya zamani, hasa mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Kongo sasa ni ya pili duniani kwa shaba, na inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti. Sehemu kubwa ya utajiri huo hushuka kwa malori kuja bandari ya Dar es Salaam, na malori hupanda na mafuta, mashine, kemikali na mizigo ya maduka. Februari 22, 2025, siku chache baada ya Bukavu kuanguka, serikali ile ile iliyokuwa ikifukuzwa Kivu ilisimamisha mauzo yote ya kobalti nje ya nchi kwa miezi minne ili kupandisha bei, na dunia nzima ikatii. Mwenye uwezo wa kufanya hivyo hajafilisika. M23, pamoja na milima yao yote ya koltani, hawawezi kutoa amri ya namna hiyo.

Hapo ndipo vita hivi vinapotofautiana na vya 1996 na 1997. Laurent Kabila, aliyeishi miaka mingi Dar es Salaam, alianzia Kivu hiyo hiyo, naye akiwa na jeshi la Rwanda nyuma yake. Lakini muungano wake wa AFDL haukuganda mashariki. Kisangani ilianguka Machi 1997; Mbuji-Mayi ya almasi na Lubumbashi ya shaba zikafuata Aprili. Kampuni za migodi zilianza kutia saini naye kabla Rais Mobutu hajaondoka. Majeshi yake yalipoingia Kinshasa Mei 17, mpinzani wake alikuwa hana askari anayelipwa wala mgodi wa kumlipa. Mwaka uliofuata, Kabila alipogombana na Rwanda na vita kurudi, Angola na Zimbabwe ziliingia kumwokoa, na waasi wa Goma wakabaki mashariki kwa miaka mitano bila kuuteka mji mkuu.

Viongozi wa M23 na muungano wao wa AFC, ulioanzishwa Nairobi Desemba 2023 na Corneille Nangaa, wanaijua historia hiyo. Rais wa zamani Joseph Kabila, ambaye mizizi yake ya kisiasa iko Katanga, alionekana Goma Mei 2025. Septemba mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ikamhukumu kifo bila yeye kuwapo. Desemba 10, 2025 waasi waliingia Uvira, mji wa bandari kwenye Ziwa Tanganyika mkabala na Bujumbura, ambao ni mlango wa kwenda Kalemie na baadaye migodi ya Katanga. Ilikuwa siku sita tu baada ya Tshisekedi na Kagame kutia saini makubaliano Washington mbele ya Rais Donald Trump. Siku chache baadaye, Marekani ikija juu, M23 wakatangaza kuondoka. Hakuna mji mwingine uliowahi kuonyesha wazi kiasi hicho mwisho wa nguvu zao: waliweza kuuchukua, lakini hawakuwa na namna ya kulipa gharama ya kubaki nao.

Siku hiyo ya makubaliano ya Washington, Desemba 4, Kongo na Marekani zilitia saini pia ushirikiano wa madini. Kinshasa inakodi nguvu kwa kutumia kile ambacho dola inayotambuliwa pekee inaweza kukitoa, yaani saini juu ya ardhi yenye shaba na kobalti. Ni faida kubwa, na ina hatari yake. Serikali inayoweza kununua ulinzi Washington inaweza kuchelewa tena kurekebisha orodha ya mishahara ya askari wake, na ni orodha hiyo iliyoiangusha Goma, mahali ambapo Umoja wa Mataifa ulihesabu karibu watu 3,000 waliouawa katika siku za mwisho za Januari na mwanzo wa Februari 2025.

Kwa Tanzania mizani hii imo ndani ya mipango yake yenyewe. Mzigo wa Kongo ni moja ya nguzo za bandari ya Dar es Salaam, na kwa sasa unalindwa na ukweli kwamba njia ya Lubumbashi iko mbali na mapigano. Lakini Agosti 2025 ulizinduliwa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati nchini Burundi, na mpango wake ni kuendelea hadi Uvira na kuingia Kindu, katikati ya mashariki ya Kongo. Mikopo ya reli hulipwa kwa miongo. Waliopanga njia hiyo waliweka kituo cha Uvira kwenye ramani wakati mji ukiwa wa serikali. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umeingia mikononi mwa waasi, nao wakatangaza kuuacha tena. Shehena itakayojaza mabehewa hayo, vitenge vya Kariakoo vikipanda na madini yakishuka, inasubiri kujulikana nani atakayekaa kwenye forodha ya Uvira na benki ipi itakayofungua kaunta Bukavu.